Damu ya kuku: tumehamia Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Zoezi la kutoa damu kuku limetoka Ijumaa limeenda Jumamosi, tukutane bandani saa 12 kamili asubuhi, sio na nusu, mnajijua.

Mnakumbuka mara ya mwisho damu ililala kwenye friji toka Ijumaa mpaka Jumatatu, tukaja kutenganisha seli za kinga tukakuta nyingi zimekufa, kwenye hadubini bluu tupu (ile rangi inaingia seli iliyokufa), na kuku sio kama mtu, chembe zake nyekundu zina kiini, hata zile za kugandisha damu zina kiini na tukitenganisha zinakaa tabaka moja na limfosaiti zetu, yaani hizo seli za kinga, sasa uchanganye na seli zilizokufa hesabu inakua vurugu.

Safari hii sehemu moja tunaitenganisha ndani ya masaa 2, zingine zinakaa masaa 24, moja friji nyuzi 4 na moja mezani, tulinganishe.

1. Kila kuku mililita 3 tu, mshipa wa bawa, tyubu za heparini (dawa ya kuzuia damu isigande). Geuza taratibu usitikise kama juisi 😅
2. Damu isiende friza!! Seli zinapasuka.
3. Mchango 5,000 ya bajaji na chai, mwisho Alhamisi saa 2 usiku.
4. Jumapili asubuhi nahitaji wawili wa kumalizia ile ya masaa 24, mimi nipo, bado mmoja.

Anayekuja aandike "nipo" hapa hapa leo, ukikaa kimya nahesabu haupo na tyubu zako nampa mwingine.