Kwaya na drama chuoni si za wanaosomea sanaa pekee

Mhariri,

Nawaandikia wazazi wenzangu wa huku magharibi mwa Kenya ambao watoto wao wanaingia chuo kikuu mwaka wa kwanza, na kupitia gazeti lenu nataka wakuu wa vyuo wanisikie pia. Kuna wosia tunaowapa hawa watoto tukiwasindikiza stendi, nao unaniuma kila nikiusikia: "Umeenda kusomea uuguzi, hukwenda kuimba." Wengine husema uhandisi, wengine uhasibu, lakini wosia ni ule ule. Mtoto ameimba kanisani tangu akiwa mdogo, ameghani mashairi na shule yake mpaka mashindano ya kitaifa, halafu siku ya kuingia chuoni anaambiwa hayo yote yamekwisha kwa sababu hayamo katika kozi yake.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya kaunti. Chuoni nilisomea kazi hiyo hiyo ya maabara, na muda wote wa masomo yangu niliimba alto, sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya ya chuo. Sikuwahi kufanya hata somo moja la muziki. Wala sikuwa peke yangu. Aliyesimama kulia kwangu alisomea takwimu, wa kushoto alisomea misitu, na besi yetu ilijaa vijana wa uhandisi na kilimo. Wanafunzi wa muziki wenyewe walikuwa wachache, nao tuliwategemea sana kwa kutufundisha sehemu ngumu. Lakini bila sisi wengine kwaya isingekuwapo.

Nataka nieleze jinsi mtu anavyoingia, maana hofu ya wanafunzi wengi iko hapo. Hakuna aliyeniuliza cheti. Mwelekezi alibonyeza noti kwenye kinanda, nikaifuata, akapanda nayo mpaka sauti yangu ikaanza kukwama, akashuka nayo mpaka ikazama, kisha akasema "alto" na kuandika jina langu. Akanipa kipande kifupi nikisikilize na kukirudia, aone kama sikio linashika. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kupima damu. Noti za kwenye mistari mitano wengi wetu hatukuzijua, na halikuwa tatizo, kwa sababu ubaoni aliandika sol-fa. Mtoto aliyelelewa katika kwaya za makanisa ya Vihiga au Kakamega amesoma do, re, mi tangu utotoni. Anayo tayari, hata kama hajui kwamba anayo.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, vyuo vingi vilichelewa kufunguliwa. Tuliporudi, bwenini watu walilala kwa makabila. Kwenye bwalo meza zilijigawa zenyewe. Tulikuwa na kijana mmoja wa sauti ya tena (tenor) kutoka Molo, mwanafunzi wa uhasibu, ambaye nyumba ya wazazi wake ilichomwa na familia ikawa kambini. Hatukujua kama angerudi. Alirudi, akaja mazoezini, akasimama mahali pake pa siku zote. Mwelekezi hakutoa hotuba yoyote. Aligawa karatasi za wimbo wa Kikuyu wa wakati wa mavuno, akamwomba yule kijana atusomee maneno, mstari kwa mstari, nasi tukayarudia mpaka matamshi yetu yakanyooka. Wiki zilizofuata tukajifunza wa Kijaluo, kisha wa Kikalenjin, na kila mara mwenye lugha ndiye aliyekuwa mwalimu. Kama tungekuwa darasa la watu wa kozi moja sijui kama yule kijana angekuwa nasi. Muziki ulimpata kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwa mtu wa uhasibu. Mpaka leo tunapigiana simu, na watoto wangu wanamwita mjomba.

Aliyetupigia ngoma za isukuti alitoka Shinyalu na alisomea uhandisi wa mitambo. Alijifunza ngoma hizo kijijini, kwenye harusi na matanga, na ndiye aliyetuonyesha jinsi ngoma tatu zinavyosemezana. Mwaka 2014 UNESCO iliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yeye. Kwaya ya chuo ikifungiwa watu wa idara moja, ujuzi wa namna hiyo, ambao hakuna mtahini anayeupa alama, utakaa nje ya geti.

Kuna watu huniambia kwamba sanaa ifanywe na waliosomea. Nawaomba watazame historia ya hapa kwetu. Arthur Kemoli, ambaye nyimbo za Kiluhya alizozipanga kwa sauti nne zimeimbwa na kwaya nyingi nchini, alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyeanzisha tamasha la sanaa mjini Kisumu mwaka 1968, alikuwa amesomea ualimu, sheria na elimu ya jamii na tamaduni za watu, na kabla ya hapo aliichezea Uganda kandanda. Tamasha la Muziki la Kenya lenyewe, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1927, lina vitengo vya vyuo, na wanaosimama pale kuimba hawaulizwi wanasomea nini.

Sasa nije kwa linaloniudhi. Binti wa kaka yangu anasomea uuguzi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Shule ya upili aliigiza kila mwaka. Aliposikia kikundi cha drama kinachagua waigizaji alikwenda, akasoma sehemu aliyopewa, watu wakampigia makofi. Baadaye akaambiwa kwamba sehemu za wahusika wakuu huachiwa wanaosomea sanaa za maonyesho, na kwamba yeye akitaka anaweza kuwa miongoni mwa umati wa wanakijiji, mradi ahudhurie mazoezi ya saa nane mchana. Saa nane mchana yuko wodini. Alinipigia simu usiku huo. "Senge (shangazi), kwani hao walitaka nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, ndiyo maana naandika.

Naelewa upande wa pili. Mchezo ambao wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanautumia kwa mtihani wao ni kama upasuaji kwa daktari mwanafunzi: ni zamu yao kushika kisu, na si haki mtu wa nje aichukue. Michezo hiyo waachiwe. Lakini kikundi cha drama kilichosajiliwa katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi, kinachotumia fedha ambazo kila mwanafunzi amelipa pamoja na karo, ni cha chuo chote. Humo sehemu apewe anayeifaa, na mwelekezi aseme mapema, kabla watu hawajapanga foleni, mchezo upi ni wa mtihani na upi ni wa kikundi.

Na mazoezi yawekwe saa ambazo mtu wa maabara, wa karakana na wa wodi anaweza kufika. Kwetu tulianza saa kumi na moja na nusu jioni. Wasichana waliokaa hosteli za nje waliruhusiwa kuondoka giza likianza, na walitoka kwa makundi, si mmoja mmoja. Mwelekezi asiyewajali hao atawapoteza wote kabla ya muhula kwisha, na wazazi watakuwa na haki ya kuwakataza. Pia wasidaiwe hela za fulana wiki ya kwanza. Mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huchelewa, na nimeona watoto wenye sauti nzuri wakijiondoa kimya kimya kwa sababu ya hela ndogo sana.

Mzazi atauliza, na alama je? Mimi nilikuwa na ripoti za maabara za kuandika kila wiki kama wenzangu. Kwaya ilinilazimisha kuzimaliza mchana. Muhula wa kwenda hospitalini kwa mazoezi ya kazi nilimwambia mwelekezi mapema, nikaimba nyimbo chache tu, nikarudi kikamilifu muhula uliofuata. Hicho ndicho ninachomshauri mwanangu yeyote: muhula mzito usichukue mhusika mkuu, chukua sehemu ndogo na uitimize. Kukosa mazoezi ovyo ndiko kunakowafanya waelekezi wawaogope watu wa kozi ngumu. Na kama hukuchaguliwa kuigiza, uliza nyuma ya jukwaa kuna kazi gani. Taa zinahitaji mtu anayeelewa umeme. Maleba yanahitaji anayejua kushona. Mauzo ya tikiti yanahitaji mtu wa hesabu, na kitabu cha mchezo kinahitaji mtu makini wa kukifuata ili mwigizaji akisahau amnong'oneze. Wengi niliowaona wakianza huko walikuwa jukwaani mwaka uliofuata.

Jambo hili litazidi kuwa zito. Tangu Januari 2026 watoto wetu wanaingia shule ya sekondari ya juu wakiwa wameshachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliyechagua sayansi tayari anasikia nyumbani kwamba jukwaa si lake tena. Akifika chuoni akute na huko mlango umefungwa, ataamini. Walimu wa shule za upili wanaweza kusaidia kwa kuhakikisha kwamba klabu za drama na kwaya hazigeuzwi kuwa za mkondo mmoja.

Kwa wakuu wa vyuo nina ombi moja dogo, tena halina gharama. Barua mnazowatumia wanafunzi wapya huorodhesha kila kitu, kuanzia vyeti halisi na picha za pasipoti mpaka koti la maabara na namba ya akaunti ya karo. Ongezeni humo mstari wa kwaya na mstari wa drama: siku ya usaili, saa, chumba, na maneno kwamba wanafunzi wa kozi zote wanakaribishwa. Mzazi atausoma akiwa nyumbani, na mtoto atakuwa na la kumwonyesha akiulizwa amekwenda kutafuta nini huko.

Mtaalamu wa maabara,
Amalemba, Kakamega