Umeukata mti, mbona unachipua tena?

Simu nyingi tunazopokea sisi mafundi wa kukata miti baada ya mvua zinafanana, mtu alikata mti uani kipindi cha kiangazi, alimlipa kijana mwenye panga, uwanja ukafunguka ukapendeza, alafu mvua ziliponyesha tu kisiki kikatoa machipukizi kila upande na saivi ana kichaka mahali palipokuwa na mti mmoja. Wengi wanauliza kama yule kijana kawatapeli. Hapana, kakata kama alivyoambiwa, ila kwa miti mingi ya huku kwetu Dar kukata ni kazi moja na kuua ni kazi nyingine, na kama ulilipia ya kwanza peke yake basi ndio hicho unachokiona.

Ipo hivi. Majani yanatengeneza chakula, mizizi inakihifadhi, na chini ya gome pale karibu na ardhi kuna machipukizi yamelala yanasubiri. Ukiondoa shina, chakula chote kiko palepale chini, kwahiyo yale yaliyolala yanaamka na yanapanda kwa kasi kuliko mche wowote uliowahi kupanda. Ndio maana mlusina (wengine mnauita lukina) unaweza kukupita kimo msimu huohuo uliokata. Mwarobaini nao hivyohivyo, tena wenyewe unachipua mpaka kwenye mizizi mbali na kisiki, unakuta kamche kameibuka katikati ya pevingi unadhani ni mbegu kumbe ni mti uleule. Mkaratusi ndio usiseme, watu wanaopanda wa nguzo wanategemea tabia hiyohiyo ili wavune tena bila kupanda upya.

Tofauti kubwa ni mnazi. Mnazi una kichwa kimoja tu cha kukua, ukikata umekufa, hauhitaji dawa wala nini. Shida ya mnazi ni gogo lake, likiachwa linaoza pale uani chonga (wale mbawakawa wanaoshambulia minazi) wanaingia kuzaliana humo alafu wanahamia kwenye minazi ya jirani wanatoboa kileleni. Kwahiyo ukikata mnazi gogo liondoke au lipasuliwe, usimtie jirani hasara.

Sasa kisiki kinauliwaje. Njia ya bei nafuu ni kukata machipukizi kila yanapotoka, kabla hayajakomaa majani, bila kuruka, mpaka mizizi iishiwe akiba. Inafanya kazi kweli, lakini inataka roho ngumu na wateja wengi wanachoka katikati, ukiruka mwezi mmoja tu majani yanairudishia mizizi chakula na unaanza moja. Kama una kijana wa bustani anayekuja kila wiki jaribu, haina gharama.

Njia ya pili ni dawa ya magugu yenye glaifoseti, na hapa ndipo watu wanapoharibu zaidi. Wanakata leo, wanakumbuka dawa wiki ijayo, wanaimwaga juu ya kisiki kikavu, haifanyi kitu, wanasema dawa feki. Kisiki kikishakatwa kinaanza kujifunga chenyewe, kwahiyo dawa inatakiwa ipakwe hapohapo, dakika chache baada ya msumeno kutoka, kwa brashi ya rangi ya kawaida, na sio lazima katikati maana katikati pale ni mbao iliyokufa zamani, paka ile pete ya pembeni iliyo karibu na gome ndio iliyo hai. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, vaa glavu, usipake mvua ikiwa inakuja. Kama umechelewa usimwage dawa kwenye kisiki kikavu, subiri machipukizi yafike usawa wa goti yakiwa na majani ya kutosha, upulizie majani siku isiyo na upepo. Na angalia jirani yake: miti ya aina moja iliyokaa karibu mara nyingine mizizi inaungana huko chini, ukipaka mmoja na wa pili unanyauka. Kwenye uzio wa miti inayofanana hatupaki kabisa, tunang'oa.

Chumvi na oili chafu tafadhali acheni. Najua zipo mtaani na kila mtu ana mjomba aliyefanikiwa, lakini chumvi inabaki kwenye udongo na hapo hautaota hata mchicha, na oili chafu kwenye mtaa wenye visima vifupi mnajinywesha wenyewe. Kuchoma kisiki pia hatufanyi, moto unaweza kufuata mzizi chini kwa chini ukafuka siku nyingi, na mabomba ya plastiki yanapita hukohuko.

Kung'oa kwa sururu na mtaimbo ndio jibu la uhakika zaidi lakini sio la kila kiwanja. Kule Goba na Makongo kwenye miinuko mizizi ndio imeshika udongo, ukichimba kisiki chini ya ukuta unaopakana na bonde, masika ikifika udongo unaondoka na ukuta unaufuata. Pale tunaua kisiki na kukiacha kioze taratibu. Kwenye uwanja tambarare wa mchanga kama Kigamboni chimba bila wasiwasi, na ni rahisi zaidi ardhi ikiwa bado ina unyevu.

Wengi wanaotuita kwa ajili ya fikasi wanalalamikia chemba na mabomba ya maji machafu. Mizizi mara nyingi haivunji bomba zima, inafuata unyevu unaovuja kwenye kiungio kibovu, inaingia nyembamba kama uzi alafu inajaa humo ndani. Kwahiyo ukikata fikasi na usitengeneze kiungio, mti mwingine utapita palepale, hata wa jirani. Mwite fundi bomba siku hiyohiyo tukiwa tumeshafukua.

Mlusina una la ziada. Mti ukiondoka mwanga unafika chini, na mbegu zilizolala kwenye udongo miaka na miaka zinaota zote kama mmepanda bustani. Ng'oeni kwa mkono baada ya mvua zikiwa bado fupi, ukichelewa mzizi mkuu umeshashuka na hautoki. Na mti wenyewe ukateni kabla maganda hayajakauka na kupasuka. Majani yake wafugaji wanayachukua bure kwa furaha, ila ng'ombe asipewe yakazidi kama theluthi ya chakula chake, na punda na sungura msiwape kabisa, yanawatoa manyoya.

Kama uzio wako ni wa minyaa, usimtume mtoto wala dada wa kazi akakate na panga hivihivi. Utomvu wake ukiingia jichoni maumivu yake sio ya kusimuliwa na unaweza kuharibu kuona, osha kwa maji mengi papo hapo uende hospitali. Sisi wenyewe hatuugusi bila miwani na mikono mirefu.

Mti unaogusa waya wa umeme hatuupandi kuukata mpaka TANESCO waje, hata mteja akisema ni tawi moja tu. Tunaangalia pia nyuki kabla ya kuwasha chensoo, na kama wapo tunaita mtu wa mizinga.

Bei watu wanatajia urefu wa mti, "ni kama ghorofa moja hivi". Urefu hautuambii sana. Mwembe mkubwa katikati ya shamba tunauangusha asubuhi moja, mwarobaini wa kawaida uliobanwa kati ya bati, tenki la maji na ukuta wa jirani unashushwa tawi kwa tawi kwa kamba na unakula siku nzima. Kwahiyo kabla hatujaja tutumie picha tatu wasap: mti mzima, shina pale chini, na kilichopo pembeni yake pande zote. Tuambie chemba iko wapi, na kama mnataka kujenga pale au kupanda kitu kingine, maana hilo ndilo linaamua kama tuue kisiki au tuking'oe. Ofisi ya serikali ya mtaa muiarifu mapema, na kama mti uko mpakani jirani akubali kwanza, hatuingii kwenye kesi za watu.

Magogo ni ya kwako. Ukitaka kuyasafirisha kuuza ulizia kibali TFS (wakala wa misitu wa serikali) kwanza, gari lisije kukamatwa njiani. Ukitaka tuyakate saizi ya kuni tukuachie uani useme mapema, inaongezeka kidogo kwenye bei.