Malalamiko kuhusu mashine ya kujazia risasi inayobakiza baruti

Duluth, Minnesota
14 Februari

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MASHINE YA KUJAZIA RISASI ZA SHOTGANI KUTOA VIPIMO VISIVYOLINGANA

Salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kijana wenu wa simu, aliyesikia lafudhi yangu akanijibu kwa Kiswahili cha Mombasa, alinishauri nifanye hivyo na akaahidi kukutafsiria. Ni yeye pia aliyenisomea jibu la mafundi wenu: mashine ni nzima, ila mkono wangu haujazoea kuivuta. Jibu hilo silikubali.

Mashine niliinunua Oktoba, pamoja na bushi, kile kipete chenye tundu la kupimia baruti, ambayo kwa mujibu wa chati yenu inatoa greni 18.0 za baruti ninayotumia. Najaza risasi za geji 12 za kulengea visahani vya udongo klabuni kila Jumamosi. Siku ya kwanza nilipima vipimo vitatu kwenye mizani, vikakaribiana na chati, nikaendelea na kazi.

Jumamosi moja ya Januari, bunduki yangu badala ya kulia kama kawaida ikatoa mlio wa chini, "pu", na marisau yakaanguka hatua chache mbele yangu. Nilisimamisha kila kitu, nikaifungua na kuchungulia mtutu: giza. Kizibo cha plastiki, kile kinachokaa kati ya baruti na marisau, kilikuwa kimekwama katikati. Kama ningepakia risasi nyingine na kufyatua, mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwangu, na kushoto kwangu, mita tatu hivi, alikuwa amesimama mzee wa watu akisubiri zamu yake.

Usiku huo nilikaa mezani na binti yangu. Mimi navuta mkono wa mashine na kupima, yeye anaandika kwenye daftari. Chupa ya baruti ilikuwa nusu, vipimo 10 vya mwanzo tulivimwaga ili baruti itulie, na nilivuta kwa mwendo uleule kila mara. Mizani niliikagua kwanza kwa mawe yake. Kwa kuwa hewa ya ndani ni kavu mno majira haya ya baridi na umeme tuli hushikisha baruti ukutani mwa mrija unaoishusha kwenye ganda, mrija nao niliufuta kwa kitambaa cha mashine ya kukaushia nguo. Baada ya hapo tukaandika vipimo 30.

Kidogo kabisa kilikuwa greni 16.7, kikubwa 19.2. Greni moja ni gramu 0.065 tu, ukiipulizia inapeperuka, lakini kwa baruti hii inayowaka haraka greni 1 ya ziada si kitu cha kupuuza. Hapa Marekani kikomo cha shinikizo la gesi ndani ya bunduki kwa risasi ya geji 12 ya inchi 2¾ ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba, na mjazaji hana chombo cha kulipima nyumbani. Ana mizani na chati yenu, basi.

Binti yangu ndiye aliyeona kitu. "Baba, kila nyepesi inafuatwa na nzito." Nikatazama: 16.9, halafu 19.0. 16.7, halafu 19.2. Na wastani wa zote 30 ni 17.9. Maana yake bushi yenu haina tatizo, inajaa vizuri. Baruti inabaki njiani, kisha inaangukia kwenye ganda linalofuata. Mkono usiozoea hauwezi kutoa mpangilio wa namna hiyo.

Nilifungua upao wa kupimia, yaani kile kipande kinachoteleza kikiibeba bushi kutoka chini ya chupa ya baruti hadi juu ya mrija. Upande wa kumwagia unasimama kabla haujafika, karibu milimita 2, kwa hiyo tundu la bushi halikai sawasawa juu ya mrija. Kwenye ukingo wa nyumba ya upao kuna ncha ya chuma iliyoachwa bila kupigwa tupa. Ukipitisha kidole inakwaruza. Chini ya ncha hiyo nilikuta vipande bapa vya baruti vimejikunja, vingine vimekatika. Picha nimeziambatanisha. Rafiki yangu wa klabu ana mashine kama yangu, ya zamani kidogo. Kwa baruti ileile na mizani ileile, tofauti haikuzidi greni 0.3.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mniletee upao na nyumba yake mpya, vilivyokaguliwa, kwa gharama zenu. Muwatafute wengine walionunua mashine za toleo hilo muwaarifu, maana sidhani ncha hiyo iliachwa kwenye yangu peke yake. Na kwenye chati yenu, juu kabisa na kwa herufi kubwa, andikeni kwamba namba zile ni makadirio na kila mtu apime kwa mizani mara nyingi kabla ya kujaza. Sasa hivi onyo hilo liko ukurasa wa 14 wa kijitabu, kwa maandishi ambayo mimi nayasoma kwa miwani. Mgeni wa kazi hii ataamini chati kama nilivyoiamini mimi.

Risasi 211 nilizokwisha kuzijaza ninazifungua moja moja na kumwaga baruti yake. Mashine haitatumika hadi nipate jibu lenu kwa maandishi, na safari hii naomba litoke kwa fundi aliyeziangalia picha.

Wenu mteja,
(Jina, anwani na namba ya oda viko kwenye fomu iliyoambatanishwa)