Madini ya risasi hayatoki kwa kuchemsha maji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakazi wenzangu wa Makorora, hapa Tanga, pamoja na mafundi wetu wa betri.

Mtaani kwetu kuna karakana inayopasua betri mbovu za magari. Maji yake ya asidi, yenye madini ya risasi (lead) ya betri hizo, humwagwa mferejini, na mbele kidogo kuna kisima tunachokikimbilia bomba likikatika. Ukiwauliza kina mama wenzangu, jibu ni lile lile: “Tunachemsha.” Jamani, moto unaua vijidudu. Madini ya risasi hayafi; maji yakipungua sufuriani, risasi yote inabaki humo. Klorini nayo haiitoi. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi kisicho na madhara, na watoto ndio huathirika zaidi, kwenye ubongo.

Nimetunza maabara ya sekondari hadi kustaafu, na kinachoniuma ni kwamba dawa ya kuanzia tumeikalia. Mawe ya chokaa yapo Maweni, yapo Pongwe, mpaka mapango ya Amboni. Maji ya betri yakikusanywa kwenye pipa la plastiki, fundi akavaa glavu na miwani, akatia chokaa iliyozimwa (mawe yaliyochomwa kisha yakatiwa maji) kidogo kidogo huku akikoroga, ukali wa asidi unakwisha na sehemu kubwa ya risasi inatuama chini kama tope. Kokoto za mawe ya chokaa yasiyochomwa hazifai sana, maana asidi ile huzivika ganda la jasi zikaacha kufanya kazi. Chokaa ikizidi mno nayo, risasi huanza kuyeyuka tena, kwa hiyo karatasi za kupimia asidi zisikosekane.

Risasi iliyosalia majini hunaswa na zeolaiti, madini yanayopatikana kwenye majivu ya kale ya volkano, hata kule Olduvai. Yana vitundu visivyoonekana kwa macho; huachia sodiamu au kalsiamu yake, yakashika risasi. Lakini yakishajaa hayanasi tena. Na lile tope la pipani ni sumu, si la kufukiwa uani.

Naiomba halmashauri ya jiji ipime kisima kile kwanza, majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa tuyasome wote. Kisha itenge mahali pamoja pa kupokelea maji ya betri na tope lake, kwani fundi mmoja mmoja hatauweza mzigo huu. Majibu yakiwa bado, kina mama, tusiwape watoto maji yale.

Mtunza maabara mstaafu,
Makorora, Tanga