Mashapo hayo usiyamwage

Mpendwa Rehema,

Hujambo shoga yangu? Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema protini yote uliyowatengenezesha bakteria imezama chini, juu kumebaki maji matupu, nawe unataka kuanza upya? Nakuomba usiyamwage mashapo. Mali yako imo humo humo.

Bakteria wa E. coli ukiwaharakisha kutengeneza protini ngeni kwenye nyuzi 37, hawawahi kuikunja sawasawa ipate umbo lake la kufanyia kazi, ikashikamana ikawa mabonge, ndiyo mashapo yako hayo. Insulini ya binadamu nayo ilitoka kwenye mabonge kama hayo, na Marekani ikaikubali kuwa dawa mwaka 1982.

Ukishazipasua seli za bakteria kwa mawimbi ya sauti, zungusha kwa kasi kwenye mashine, mwaga maji ya juu, kisha osha mashapo kwa bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) yenye EDTA, kemikali ya kunasa madini, na Triton X-100, sabuni ya maabara, asilimia 1, ili mafuta ya utando wa seli yatoke. Rudia mara tatu, ya mwisho bila Triton. Hapa usiwe na haraka. Mwanzoni ni rangi ya matope. Yakitakata huwa meupe kama chokaa. Yakivutika kama mlenda, hiyo ni DNA ya bakteria, yapige tena mawimbi ya sauti.

Halafu yayeyushe kwa urea, inayoikunjua protini, ya molari 8 (kipimo cha ukolezi), pH 8, pamoja na DTT, kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa ndani ya protini. Gramu 480 za urea kwa lita moja! Inapoyeyuka, chupa hupoa mpaka ikatoka jasho mkononi. Mimi mwaka jana nilikosa subira, nikaipasha moto na protini ikiwa ndani, hadi nyuzi 70. Urea ikipata moto hutoa kemikali iitwayo sianati, nayo hujibandika kwenye protini, kila mahali ikiongeza uzito wa daltoni 43 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kazi ya wiki mbili iliharibika, nililia. Wewe itengeneze siku ile ile, uiache kwenye joto la chumba.

Kuikunja upya ndiko kugumu. Idondoshe tone kwa tone kwenye bafa baridi inayokorogwa, yenye arginini, ya kuzuia kushikana, ya molari 0.5 na glutathioni za aina zote mbili, iliyooksidishwa na isiyooksidishwa, ili vifungo vya salfa vijifunge upya mahali pake; protini isizidi miligramu 0.1 kwa mililita. Protini zikisongamana zitashikana tena. Ukiona ukungu mweupe, simama hapo hapo. Bafa ikilala usiku kucha ikaamka angavu, nipigie, hata iwe alfajiri.

Wako akupendaye,
Mwanaidi