Watafiti wa sheria za mpakani wasiishie upande mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu namna wanasheria wanavyotafiti mambo yanayowagusa wakazi wa mpakani. Makala nyingi ninazozisoma huuliza mpaka unapita wapi, na zikishapata jibu hufunga jalada. Hata zile zinazosonga mbele hunukuu sheria za nchi ya mwandishi peke yake, kana kwamba ng'ambo hakuna bunge wala mahakama.

Tuangalie kesi ya Botswana na Namibia juu ya kisiwa cha Mto Chobe, ambacho Wabotswana hukiita Sedudu na Wanamibia Kasikili. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka, kwa Kiingereza, katikati ya mkondo mkuu, ilhali maandishi ya Kijerumani yalitumia neno Thalweg, ambalo aghalabu humaanisha mstari unaofuata sehemu zenye kina kirefu zaidi cha mto. Lakini haukusema ni upi kati ya mikondo miwili inayokizunguka kisiwa ulio mkuu. Tarehe 13 Desemba 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, baada ya kupima kina, upana na wingi wa maji, iliamua kuwa ni ule wa kaskazini, na hivyo kisiwa kikawa cha Botswana.

Wengi husoma hukumu ile hadi hapo, wakayaacha yanayomhusu mkulima na mwenye mtumbwi. Namibia ilidai kwamba Wamasubia, wakazi wa Caprivi, kaskazini-mashariki mwa Namibia, walikitumia kisiwa kwa miaka mingi. Mahakama haikukana kwamba walilima pale, ila ilisema walikwenda kwa misimu, kwa haja za kilimo chao, wala si kwa niaba ya dola, na kwa hiyo jembe lao halikuipa Namibia mamlaka. Kisha, ikirejea makubaliano ya marais wa nchi hizo mjini Kasane mwaka 1992, ikaamua kwamba raia na vyombo vya nchi zote mbili watendewe sawa katika mikondo yote miwili. Maana yake, Mnamibia akiwa katika mkondo wa kusini, ulio ndani ya Botswana, anastahili kile ambacho Botswana humpa raia wake, na masharti ya kusafiri majini na ya kulinda mazingira ni yale yale kwa wote. Sasa wakili mwenye sheria za Namibia tu mezani atamshauri nini mteja wake? Hana budi kufungua sheria za Botswana, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, na kuhakikisha kama bado zinatumika.

Ramani nazo huwapoteza watu. Katika kesi ya Burkina Faso na Mali ya mwaka 1986, mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba ramani peke yake ni taarifa tu, haizai haki ya ardhi isipokuwa ikiwa sehemu ya hati rasmi yenye nguvu hiyo. Hata neno "mpakani" lataka kufafanuliwa: Marekani na Meksiko, katika mkataba wao wa mazingira wa mwaka 1983, zilikubaliana kuwa ni kilometa 100 kila upande, jambo ambalo mikataba mingine haisemi. Nao Mkataba wa Niamey wa Umoja wa Afrika kuhusu ushirikiano wa mipakani, uliopitishwa mwaka 2014, haumfai kitu anayeunukuu bila kukagua kama nchi zote mbili anazoziandikia zimeuridhia.

Ninaloomba ni kwamba wahariri wa majarida ya sheria wasipokee makala ya mpakani isiyotaja sheria za pande zote mbili pamoja na tarehe zake, na mwandishi asiyejua lugha ya sheria za jirani amtafute mwenzake wa ng'ambo waandike pamoja.

Wako,
Msomaji, mtafiti wa sheria