Fomu ya akaunti ya kustaafu imenikwamisha, na mama nilishamwahidi nyumba

Shikamoo dada, na wasomaji wenzangu habari zenu. Naomba ushauri, siku zinakatika.

Niko Texas na mume wangu, nina miaka 47. Mwaka huu niliacha kazi niliyoifanya muda mrefu, hela yangu ya kustaafu ilikuwa kwenye 401(k), yaani akaunti ya kustaafu ya kazini, dola 80,000. Nikajua kuna IRA, akaunti binafsi ya kustaafu, ya kujisimamia mwenyewe, yaani wewe ndo unaamua hela iende wapi, hata nyumba inanunua, ila lazima iwepo kampuni ya kukushikia akaunti, wanaiita kastodia. Nikaona hapa hapa.

Kosa la kwanza nilishafanya. Wale wa 401(k) waliponiuliza hela waipeleke wapi nikasema nitumieni mimi, kumbe nilitakiwa niwaambie waandike cheki kwa jina la kastodia. Wakakata asilimia 20 kwa ajili ya kodi ya serikali, nikapata 64,000, na toka siku niliyoipokea nina siku 60 tu za kuiingiza kwenye akaunti mpya. Zimeshapita 37. Hiyo 16,000 waliyokata natakiwa niijazie mwenyewe, nisipoijazia inahesabika nimeichukua, nalipa kodi na juu yake asilimia 10 kwa vile sijafika miaka 59 na nusu. Hiyo mume wangu ametoa kwenye akiba yetu, Mungu ambariki.

Fomu zenyewe nimejaza, jina, namba ya Social Security, kopi ya kitambulisho, warithi asilimia zao zifike 100, hayo yameisha. Nimekwama ukurasa wa kununua nyumba. Wanauliza nani atakaa humo na ana undugu gani na mimi, halafu unasaini kwamba hakuna aliyekatazwa atakayefaidika nayo. Waliokatazwa ni mimi mwenyewe, mume wangu, wazazi wangu, watoto, wajukuu na wake au waume zao.

Dada, ile nyumba ni ya mama yangu akae. Anaishi kwa kaka, chumba kiko juu na magoti yake ngazi hayaziwezi tena, nimemwona anashuka kwa kukaa ngazi moja moja, inaniuma sana. Nyumba niliyoipata ni ndogo, haina ghorofa, na mama nilishamwambia, ameanza hata kugawa vitu vyake.

Kaka anasema mkataba wa kupanga tuuandike kwa jina lake, maana ndugu wa tumbo moja hayumo kwenye ile orodha. Ni kweli hayumo, lakini atakayelala mle ni mama, na mimi ndo nasaini. Watu wa kodi wakigundua, akaunti yote inahesabika imekufa toka Januari mosi ya mwaka huo, kodi inakuja kwenye hela yote kwa mpigo. Sitaki kusaini uongo, na kaka sasa ananuna, anasema namjali zaidi mtu wa kodi kuliko mama.

Nafikiria nifungue akaunti na hela taslimu tu, ule ukurasa wa nyumba niuache, siku 60 zisinipite, ya nyumba nitayaona baadaye. Je niko sawa? Na aliyewahi kumtafutia mzazi pa kukaa bila kugusa hela ya kustaafu alifanyaje? Na mama nimwambieje, dada, maana kila jioni ananipigia kuniuliza tunahama lini.

Zimebaki siku 23.